Sentinelle mu Nyumba Yangu Mwenyewe

Bamama, na ninyi batata, banaume bachache munaokaa kule nyuma karibu na mulango, nawasalimu. Mama Présidente wa chama chetu aliniomba niseme mbele yenu leo kwa sababu Jumamosi bantu ba Serikali batakuja tena hapa Hewa Bora kuandika familia zinazopanga, zile zinazotafuta parcelle, kiwanja cha kujenga. Aliniambia nieleze namna nilipata yangu, ili mupate moyo. Akaongeza kama kwa ushuhuda majina ya bantu hayatajwi. Hapo tulibishana. Nilimuambia kama hataki majina atafute musemaji mwingine. Mi niliisha kuficha majina mara moja, na kule kuficha njo kulikaribia kunifukuza kwangu. Kwa hiyo nitabataja. Asiyetaka kusikia atoke akaangalie batoto bake inje.

Nimeandika kwa karatasi maana nilisoma mupaka mwaka wa tatu tu, na nikisema bila kuandika ninaruka mambo. Mutanivumilia nikisimama kutafuta mustari.

Bengi benu munanijua, mi ni Mama Ruth. Bwana yangu alikuwa dereva wa lori. Alikuwa anatoa mahindi na makala ya kupikia kule Kasomeno, analeta huku. Tulikuwa tunapanga byumba bibili kwa muzee mumoja anaitwa Albert. Bwana yangu alipokufa kwa barabara, lori ilipinduka na yeye chini, familia yake ilikuja kwa kilio. Siku ya tatu balianza kubeba. Balibeba kitanda, balibeba télé, balibeba mpaka sufuria kubwa ya kupikia bukari ya bageni, na bageni bangali bamekaa pale. Munajua desturi hiyo, sina haja ya kueleza. Muntu mumoja tu njo alisema muache godoro, mutoto atalala wapi. Huyo alikuwa mudogo ya bwana yangu, mulamu wangu Sylvain. Nilimushukuru Sylvain kwa lile godoro miaka mingi. Ndugu zangu, nawaambia, muangalie sana muntu anayekuachia kile kilichokuwa chako tayari.

Baada ya mwaka mumoja Muzee Albert alisema anataka garantie mupya, malipo ya mbele ya miezi sita, kama vile mi ni mupangaji wa jana. Sikuwa nayo. Nilikuwa nauza mboga ya lenga-lenga na samaki ya kukauka, pesa ya leo inakuliwa leo. Hakunifukuza kwa maneno. Alikuja asubui na fundi, akatoa mulango. Akaubeba kwa kichwa, akaenda. Nilikaa na mutoto wangu Ruth nyuma ya pazia majuma matatu, kila muntu anapita anaona tunakula nini. Albert, kama uko hai na kuna muntu atakupelekea habari hii, ule mulango sijausahau.

Njo wakati ule habari ya mupango wa Serikali ilifika kwetu. Munaujua, ni ule ule wa Jumamosi. Serikali inatoa parcelle kwa upande wa barabara ya Kasenga kwa familia zisizo na uwezo. Inatoa simenti kidogo na malata ya kuezeka. Familia inatoa matofali na mikono. Kuta zisipofika kwa madirisha mbele ya mvua, parcelle inarudi, anapewa mwingine. Ukiisha kujenga na kukaa ndani, banakupa karatasi ya mwisho, yenye jina lako, na hakuna tena muntu wa kukutolea mulango.

Siku ya kuandikisha nilifika pale ofisi ya commune mbele jua halijatoka. Foleni ilikuwa imezunguka ukuta. Nilipofika kwa meza nilimukuta agent mumoja, Prosper. Kijana musafi, shati nyeupe, alikuwa ananiita mama kwa kila neno. Aliniuliza mukubwa wa nyumba ni nani. Nikasema ni mimi, bwana yangu aliisha kufa. Akauliza karatasi ya kifo iko wapi. Sikuwa nayo, bamama. Nani kati yetu alikwenda kutafuta karatasi ya kifo siku ya kilio? Tunazika, tunalia, tunafagia, basi. Prosper akashika kalamu juu, hakuandika. Akasema bila karatasi mi siko mujane, mi ni mwanamuke ambaye bwana haiko, na fiche, ile karatasi ya kuandikia familia, haina nafasi ya mwanamuke wa namna hiyo. Kisha akainama, akasema kwa sauti ya huruma:

"Mama, hauna mwanaume yeyote mu familia? Hii ni fiche ya kuhesabu tu. Jina ni jina."

Nikakumbuka godoro.

Nilikwenda kwa Sylvain siku ile ile. Alikuwa anapanga kule mutaa wa Kigoma na bibi yake wa ndoa, Bernadette. Alikubali bila kusita, hata akacheka, akasema yaya, dada yangu mukubwa, mi sina kitu cha kukusaidia, lakini jina ninalo. Sikusimama kufikiri. Nilimuletea shati ya marehemu, ile ya kijivu ya Pasaka, niliyokuwa nimeificha isibebwe, hata kama ilikuwa imechanika kwa kola. Nikaipiga pasi mimi mwenyewe. Akasimama mbele ya Prosper na shati ya bwana yangu na carte ya kura yake, akaandikwa mukubwa wa nyumba. Mi niliandikwa chini, kwa mustari wa bantu banaokaa ndani, pamoja na Ruth.

Nilirudi nikiimba. Muniache niseme ukweli, nilirudi nikiimba.

Parcelle tuliyopewa ilikuwa na kichuguu, kile kilima cha muchwa, kirefu kupita nyumba, na muti umeota juu yake. Benzangu balioitwa mbele yangu balikuwa bamekataa namba ile. Balisema utakaa na nyoka, utajenga wapi. Mi sikuona nyoka. Niliona matofali. Udongo wa kichuguu unashikamana, unajua kuchomwa, na ulikuwa pale pale kwangu, sina haja ya kulipa muntu wa kuuleta. Na hapa nabashukuru ninyi bamama ba chama hiki, maana kila Jumamosi tulikuwa tunakwenda kwa mwenzetu mumoja kumufyatulia matofali, na zamu yangu ilipofika mulikuja bengi. Mama Mado alibomoa kile kichuguu kama anabomoa nyumba ya mukwe mubaya. Maji tulichota kwa kisima ya jirani, Tata Kasongo, muzee aliyefanya kazi ya mine, kuchimba madini, kule Kipushi mpaka mapafu yakakataa. Tulifyatua, tulipanga tanuru, tulichoma. Matofali yalitoka mekundu, ukiyagonga yanalia.

Sasa nafika kwa kosa langu. Nilitaka niruke hapa, lakini Mama Présidente anajua, atanirudisha.

Nilikuwa na woga wa bintu bibili. Wa kwanza, familia ya bwana yangu isikie kama ninajenga, ikuje kubeba tena. Wa pili ni midomo. Mwanamuke bwana yake amekufa, hana kazi, na mwaka wa pili anainua kuta. Munajua batasema nini. Batasema amemuuza marehemu kwa uchawi, matofali yale ni mifupa yake. Nilisikia hayo yakisemwa juu ya mwingine hapa Hewa Bora, mama yule alihama. Basi majirani bapya balipoanza kuniuliza nyumba ni ya nani, nilibaambia ni ya mulamu wangu. Nikasema mi ni sentinelle tu.

Sina haja ya kubaeleza sentinelle ni nini. Muntu anaanza nyumba, pesa inakatika, anatafuta familia maskini ikae mule ndani bila kulipa, ilinde matofali na malata isiibiwe. Siku mwenyewe anataka nyumba yake, sentinelle anafunga mikeka na anatoka. Hana neno. Mu mji huu tuko na masentinelle kama majani. Ndio sababu uongo wangu ulikubalika upesi. Hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Balinizoea. Batoto ba majirani balikuwa banatumwa: enda kwa mama sentinelle ukaombe moto. Na mi naitika. Nilikuwa ninaitika na kujisikia mwerevu.

Kuta zilifika kwa madirisha, zikapita. Malata ya Serikali yalitosha chumba kimoja na nusu. Tulihamia hivyo hivyo, na mvua ilikuwa imeanza. Ruth alilala upande wenye malata, mi nililala upande wa nusu. Alikohoa mvua ile yote. Lakini tulikuwa kwetu. Nilikuwa ninaamuka ninagusa ukuta.

Kisha Sylvain akaja. Ilikuwa Jumatatu, nimepika sombe, mbabula, jiko la makala, iko kwa mulango. Alikuja na gari ya mwingine, amevaa viatu bya kung'aa. Pamoja naye kulikuwa tata mumoja munene kidogo, mupole, anaitwa Muhindo, mufanyabiashara kutoka kule Butembo, mwenye malori. Nilifurahi kumuona mulamu, niliinuka nitafute kiti. Akapita karibu yangu bila kunipa mukono. Akaonyesha ukuta, akaonyesha mupaka, akasema namna udongo wa pale ni muzuri. Yule Muhindo akaniangalia, akauliza huyu mama ni nani.

Sylvain alisema: "Ni sentinelle yangu."

Bamama, mi nilikuwa na kijiko mukononi. Nilifungua mudomo. Na kwa upande ule wa ukuta alikuwa amesimama bibi ya Tata Kasongo, anaangalia bageni, na nilijua akiulizwa atasema vile vile, kwa sababu njo mimi nilimufundisha. Nilifunga mudomo. Yule Muhindo alinikaribia kwa heshima, akasema mama sentinelle, pole kwa kazi, umetunza vizuri, tafuta pa kwenda mbele ya mwisho wa mwezi. Akanipa noti ya kununua sabuni. Nilipokea. Nilipokea kwa mikono mibili, nikasema aksanti tata.

Muniache nikunywe maji.

Kesho yake nilikwenda kwa Sylvain. Hakuniingiza. Tulisemea pale inje, Bernadette anafua nguo karibu yetu bila kuinua macho. Nilimuambia mulamu, unajua nyumba ile ni ya nani. Akaniambia nyumba ni ya yule mwenye jina kwa fiche, na kama nabisha niende kuuliza majirani. Akasema tena, pole pole, kama muntu anayefundisha mutoto: "Wewe mwenyewe ulisema. Mi niliongeza neno gani?"

Nilikwenda kwa Prosper. Prosper aliyeniita mama kwa kila neno sasa alikuwa hanijui. Alifungua daftari, akaligeuza nione. Jina la Sylvain, carte ya Sylvain. Nikamukumbusha ni yeye aliniambia jina ni jina. Akasema hapana, hajasema, na kama muntu amesema bila kuandika ni kama hajasema. Baadaye tulijua Prosper alikuwa amekwisha kuonyeshwa kile Sylvain angepata kwa Muhindo, na mukono wake ulikuwa ndani. Prosper hakufukuzwa, musidanganyike. Alihamishwa tu. Sijui meza gani iko nayo leo. Jumamosi muangalie shati nyeupe.

Nilikwenda kwa Tata Kasongo, nikamulilia anishuhudie. Yule muzee alikohoa sana mbele ya kujibu. Alisema: "Mama Ruth, mi ni muntu wa sala. Uliniambia ni ya mulamu wako. Unataka niende mbele ya chef niseme haukuniambia?" Nilimutukana. Nilimutukana muzee mugonjwa kwa mulango wake, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Juma ile sikuuza. Ruth aliniuliza kama tutarudi nyuma ya pazia. Siku moja nilishika jembe nikaenda kwa ukuta wa nyuma, nikaupiga. Nilisema heri ibaki kichuguu. Niliupiga mara tano, sita, tofali tatu zikaanguka inje. Halafu mukono ulikataa. Nilikuwa ninayajua matofali yale. Hili lilichomwa siku ya Mama Mado, hili lina alama ya miguu ya kuku. Nikakaa chini pale.

Nilikuja hapa kwenu Jumapili ile, na mulinikasirikia kwanza. Mama Présidente alisema, tulikuja kufyatua matofali ya sentinelle? Nikasema ndiyo, kwa bantu nilisema hivyo. Akasema basi utakwenda kuyasema hayo mbele ya chef wa quartier, mukubwa wa mutaa, kwa mudomo wako, kwamba ulisema uongo. Nilimuambia nitakufa kwa aibu. Akasema utakufa ukiwa na nyumba.

Chef alituita siku ya Alhamisi. Alikuwa pale Sylvain, na Muhindo, na Tata Kasongo aliyeitwa kama shahidi, na ninyi bamama kama kumi na mbili mukisimama kwa dirisha. Bernadette alikuja na bwana yake, alimubebea mufuko wa karatasi zake. Chef alimuuliza Tata Kasongo, akajibu alivyonijibu. Kisha akaniuliza mi. Nilisimama. Nikasema chef, Tata Kasongo anasema kweli, mi njo nilidanganya. Nilidanganya majirani bote. Nikaeleza woga wangu, habari ya marehemu, habari ya mifupa. Kuna bantu balicheka. Nilipomaliza, chef alishika kichwa, akasema mama, sasa nikuamini kwa lipi? Ulidanganya bale, naweza kujua aje haudanganyi mi? Fiche iko na jina ya huyu. Majirani banasema ni ya huyu. Wewe ulisema ni ya huyu.

Nilikaa. Nilijua imekwisha. Sylvain alianza kusimama, anafunga kifungo cha koti.

Ndipo Bernadette aliongea. Hakusimama, alikaa hivyo hivyo na ule mufuko kwa magoti. Alisema:

"Chef, kama muntu ni sentinelle, mwenye nyumba anamupitia. Anakuja kuhesabu malata yake. Mi ni bibi ya huyu. Muulize maji ya kufyatulia matofali yalitoka wapi."

Sylvain alimuambia anyamaze. Chef akasema hapana, jibu. Ni swali dogo. Mwenye kujenga nyumba hawezi kusahau maji, maji njo inamaliza mugongo. Sylvain aliangalia dirisha, akasema yalitoka kwa robinet.

Kule kwetu hakuna robinet, hakuna bomba la maji, hata leo. Ninyi kule dirishani mulicheka, lakini aliyecheka kwanza alikuwa Tata Kasongo, akacheka mpaka kikohozi kikamukamata. Alipopata pumzi alisema chef, maji yale yalitoka kwa kisima changu. Nilimuona huyu mama anachota, niliona bamama hawa banachota, kamba yangu ilikatika mara mbili. Huyu mwanaume nilimuona mara ya kwanza siku alipoleta mununuzi. Chef akamuuliza kwa nini hakusema hayo kwanza. Akasema: "Uliniuliza aliniambia nini. Haukuniuliza niliona nini."

Yule Muhindo aliinuka, akamuambia Sylvain kwa sauti ya chini lakini tulisikia bote kwamba yeye anatafuta nyumba, hatafuti kesi, na arudishe alichopokea. Akaniangalia, akataka kusema kitu, akaona haya. Mi nilitoa ile noti ya sabuni. Sikuwa nimeitumia. Nilimurudishia, na hakuikataa.

Bamama, musifikiri siku ile nilipata karatasi. Chef alipata kuandika tu kwamba nyumba isiuzwe. Fiche ilibaki na jina ya Sylvain mvua nyingine nzima. Ili jina litoke, ilibidi karatasi ya kifo ya bwana yangu, na ili niipate nilikwenda Kasomeno kwa muganga wa dispensaire, zahanati ya kule, aliyeona maiti, nikaambiwa amehamia Kasenga, nikafika Kasenga nikaambiwa daftari lilibaki Kasomeno. Kila ofisi ilinirudisha kwa nyingine. Familia ya bwana yangu ilijua, ikaja, mama mukwe akanitemea mate mbele ya Ruth. Yote niliyoogopa yalifika, hakuna moja lililokosa. Yale ya mifupa pia yalisemwa, banasema mpaka sasa. Lakini nilikuwa ndani ya nyumba yangu banapoyasema.

Karatasi ilitoka mwezi wa tano. Iko na jina langu lote, la ubatizo na la baba yangu. Ule upande wa nusu umeezekwa. Tundu la ukuta wa nyuma sijaliziba.

Sylvain sijamusamehe. Padri aliniuliza, nikamuambia nitamusamehe siku ataniomba, na hajaomba. Iko Kipushi, banasema anavusha mizigo ku mupaka. Prosper sijamusamehe. Albert sijamusamehe. Kama Mungu anataka, aniulize yeye mwenyewe.

Nashukuru chama hiki. Mulinigombeza na mulikuja. Namushukuru Tata Kasongo, nilimuomba radhi kwa yale matusi, akaniambia nimununulie kamba. Nilimununulia.

Na sasa yule mwingine. Sylvain alipotoka kwa chef siku ile hakurudi na bibi yake. Bintu byake Bernadette alibikuta bimetupwa inje, na mwenye nyumba ameambiwa asimufungulie. Alilala kwa kanisa, akalala kwa dada yake, akalala mahali ambapo hajaniambia. Nilimutafuta. Nilimuambia Bernadette, ule upande niliomaliza kuezeka uko wazi, njoo ukae, haulipi kitu. Yeye hakulia, hakunikumbatia. Aliniuliza:

"Yaya, utaandika?"

Nilikasirika. Nilimuuliza kama ananiona mi ni Sylvain. Nikaondoka. Siku mbili nilikuwa ninasema peke yangu kwa sufuria: mi nimupe chumba, na yeye aniombe karatasi.

Siku ya tatu Ruth alinitolea daftari yake ya shule. Niliandika mimi mwenyewe, herufi kubwa, kwamba Bernadette anakaa kwa chumba cha upande wa barabara, si kama mugeni, si kama sentinelle, na kwamba mi ama mutoto wangu ama muntu yeyote wa familia yangu hawezi kumutoa bila kumupa miezi sita ya kutafuta pengine. Tata Kasongo alitia sahihi. Mama Présidente alitia sahihi. Nilikosea jina la Bernadette mahali pamoja, akanikosoa, nikafuta, nikaandika tena.

Iko hapa, amekaa kwa benchi ya tatu, ananiangalia vibaya kwa sababu sikumuambia nitamutaja. Yeye njo aliniokoa, na nikiamka asubui ninasikia anafagia mbele ya mulango wake. Ninamupenda kuliko ndugu. Na karatasi ile ninataka aiweke mahali mi sijui.